Nedra Aliyeomba Kufutiwa

Niligundua nimeibiwa nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, shavu limekufa ganzi, pamba mdomoni, na mapajani gazeti la washonaji nililolibeba kutoka mapokezi ili kupoteza muda. Nikafunua ukurasa. Wale pale, mbayuwayu wangu wote wa kitambaa, wanatoka kwenye mlango wa ghala na kutawanyika angani, kila bawa limepinda vile vile nilivyolipinda mimi. Chini yao pameandikwa: "Mbayuwayu wa Bondeni, ubunifu wa Nedra Flory. Kifurushi kamili, agiza leo." Nilipiga kelele, ila kwa ile pamba ikatoka sauti ya ndama. Daktari akauliza, "Inauma?" Mtu mzima nikaanza kulia, naye akaniongezea sindano.

Hebu nijieleze. Mimi ni Vella Garber, mjane. Nashona kwilti, yale mablanketi ya viraka ambayo watu wa mjini wanayatundika ukutani kama picha, na ndiyo yanayonilisha hapa Bonde la Shenandoah. Ile ya mbayuwayu niliichora mwenyewe majira ya baridi aliyofariki mume wangu Merle. Niliishonea kwenye kibanda alichonijengea nyuma ya bustani, chenye madirisha pande zote. Mpwa wangu alinisumbua mpaka nikaisajili hakimiliki. Mungu ambariki kwa usumbufu wake.

Nedra Flory alikuwa na duka la vitambaa njia panda, na ni dada yangu kanisani. Aliniomba aitundike dukani. "Ivutie wateja, Vella, wiki chache tu." Nikampa. Huku kwetu ukimnyima dada wa kanisani kitu cha kutundika, utasemwa mpaka siku ya mazishi yako. Kumbe yeye alipanda ngazi akaipiga picha, akaituma kwenye kiwanda huko ng'ambo, wakamchapishia vifurushi vya mchoro na vitambaa vya kuuza nchi nzima. Jina langu, nililolitarizi pembeni kwa uzi mweupe, lilikatwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimwona Nedra wakatuachia onyo.

Sisi watu wa kanisa la Ndugu hatukimbilii mahakamani. Biblia imetupa utaratibu: nenda kwanza peke yako, akikataa nenda na wawili, akikataa tena ndipo lifike kanisani. Nikaenda peke yangu. Nilimkuta anakata kitambaa.

"Vella, sikudhani utajali," alisema. "Sisi wote tunashona michoro ya wenzetu."

"Michoro ya bibi zetu, Nedra! Huu si wa bibi yako. Huu una miaka mitatu na mwenyewe yuko hai, amesimama mbele yako!"

"Basi toleo lijalo nitaweka jina lako."

Toleo lijalo! Nikatoka kabla sijamrushia mkasi. Nikarudi na wawili, akatuandalia keki ya tufaha na maneno matamu, kifurushi hakikutoka sokoni hata kimoja. Likafika kanisani, mashemasi wakasema wataliombea. Nikangoja waliombee. Halafu nikatafuta wakili.

Wakili wangu, Bi Coyle, ni mwanamke mwembamba anayeongea haraka, na gharama zake zinakwenda kasi kuliko maneno. Kumlipa, niliweka rehani benki ile nyumba yangu, na kibanda cha Merle kimo ndani ya hati hiyo hiyo. Niliogopa, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulishinda. Wananchi waliochaguliwa kusikiliza kesi walisema Nedra alinakili akijua kabisa anachofanya, na jaji akamwamuru aache kuuza na anilipe. Malipo hayo yangetosha kuikomboa nyumba benki na kubakisha ya kubadilisha paa. Nikasema ahsante Mungu, nikamsubiri Nedra alete.

Sasa ndipo shemasi alipokuja na swali lake.

Kila vuli, kabla ya Karamu ya Upendo, ibada yetu ya kuoshana miguu na kula meza moja, shemasi hupita nyumba kwa nyumba akiuliza kila muumini kama yuko katika amani na wenzake. Asiye na amani haketi mezani. Mwaka uliotangulia mimi sikuketi. Nilikaa nyumbani nikala supu ya kopo, na Jumapili iliyofuata watu walinisalimia kama mtu anayetoka hospitali. Safari hii Ndugu Harley akaketi jikoni kwangu, kofia magotini, mzee mpole mpaka anaudhi.

"Dada Vella, una amani na wote?"

"Unajua sina, Ndugu Harley."

"Nedra anasema yeye anayo."

"Lazima awe nayo! Aliyekula ameshiba!"

"Anaomba akuoshe miguu," alisema. "Yeye mwenyewe ameomba, tena kwa machozi."

Ningekuwa na moyo wa jiwe ningekataa. Sina. Nina hasira tu, na hasira si jiwe, watu huchanganya. Nikaenda. Wanawake huketi upande wao, wanaume upande wao, beseni la maji ya uvuguvugu linapita kwenye benchi. Nedra akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti, goti moja likalia kwa ugonjwa wa viungo, akaniosha miguu polepole kama anamwosha mtoto. Alikuwa analia kweli. Halafu akainuka anikumbatie na kunibusu, ndiyo desturi, na hapo ndipo mwenye kukosewa hutamka neno lake.

Benchi zima linangoja. Dada Orpha ameshika beseni zito. Wote wananitazama mimi. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume, "Najua hukukusudia kuniumiza, Nedra."

Wanawake wakapumua. Tukala mkate, nyama na mchuzi wake. Nililala nikijiona Mkristo.

Wiki iliyofuata Nedra akatangaza amefilisika.

Barua ya mahakama ilinikuta nikiwa na chai mkononi. Nikampigia Bi Coyle nikifoka hata hakuelewa neno. Aliponielewa akasema nije. Akanieleza kwamba sheria ya huku humpa mtu aliyeanguka nafasi ya kuanza upya: mali yake isiyokingwa na sheria inauzwa, wanaomdai wanagawana kinachopatikana, na kilichobaki mahakama inakifuta.

"Kinafutwa? Hata cha kwangu?"

"Hata chako, mama. Na dukani hakuna kitu, vitambaa vyenyewe ni vya mkopo. Mtagawana ufagio."

"Lakini tulishinda! Walisema alijua!"

"Walisema alinakili akijua. Mahakama ya wafilisi inauliza swali jingine. Deni lako litapona kama tutathibitisha kwamba alikusudia kukuumiza wewe, au alijua kwa hakika utaumia akafanya vivyo hivyo. Kunakili ni jambo moja. Kukusudia madhara ni jambo la pili."

"Mtu akiingia zizini kwangu akachukua ng'ombe, atasema hakukusudia kuniumiza, alitaka maziwa tu?"

"Wanasema hivyo kila siku, na wengine wanashinda."

Jamani! Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikamuuliza, je, akifutiwa, ataruhusiwa kuendelea kuuza mbayuwayu wangu? Akasema hapana, kinachofutwa ni deni la yaliyopita. Amri ya kumzuia inabaki, na akinakili kesho hilo ni kosa jipya, namdai upya.

"Kwa hiyo nimwombe aniibie tena ndipo nilipwe?"

Bi Coyle akacheka, halafu akaona sicheki. Akasema tupeleke pingamizi mapema kabla muda haujapita, na akaniuliza kama kuna jambo lolote nililowahi kusema au kuandika ambalo upande wa pili unaweza kulitumia. Nikasema hakuna. Nikafika mlangoni. Nikarudi nikamsimulia ya beseni.

Alivua miwani akaiweka mezani. "Mama," akasema, "kwa nini?"

"Benchi lilikuwa linangoja!"

"Ungesema 'nimekusamehe.' Hilo lisingetudhuru. Mtu anaweza kumsamehe mwizi na bado akawa mwizi. Wewe umekwenda kuamua kesi yake."

Nilirudi nyumbani nikijitukana njia nzima. Kwetu mtu akiomba radhi, hatusemi "nimekusamehe," linasikika kama unajipandisha juu yake. Tunasema "najua hukukusudia." Hata ng'ombe wa jirani akila mahindi yako unasema hivyo, unamwondolea jirani aibu. Bibi yangu alisema hivyo, mama alisema hivyo. Nani alijua kwamba kuna mahakama duniani imejengwa juu ya maneno hayo hayo?

Siku ya kesi tulikwenda mjini Harrisonburg, kwenye mahakama ya wafilisi. Benki ilikuwa imekwisha kunipa mwezi wa kuondoa vitu vyangu ikiwa sitalipa, na asubuhi hiyo nilikuwa nimepita kibandani kuzima taa nikashindwa kutoka. Ndugu Harley alikuja, na Dada Orpha, na wanawake wengine wa benchi lile. Walikaa katikati, si upande wangu wala wa Nedra, kama watu wanaoogopa kuchafua nguo. Nedra alikuwa amekonda. Nasikia alishapata kazi kwenye kiwanda cha kuchinja bata mzinga, anasimama kwenye maji baridi kutwa nzima. Nilimwonea huruma, nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, nikamkasirikia yeye kwa kunifanya nijikasirikie.

Karani akaniletea Biblia niape. Nikamwambia sisi hatuapi, ndiyo yetu ni ndiyo. Jaji, mama mwenye nywele fupi nyeupe, akasema, "Basi thibitisha tu kwamba utasema kweli." Nikathibitisha.

Wakili wa Nedra alikuwa kijana mwenye adabu nyingi. Wale ndio wabaya.

"Bi Garber, kanisani kwenu, mbele ya mashahidi walioketi humu ndani, ulimwambia mteja wangu kwamba unajua hakukusudia kukuumiza. Ni kweli ulitamka hivyo?"

"Nilitamka."

"Ilikuwa ibada takatifu?"

"Ndiyo."

"Basi swali langu ni fupi. Ulichosema kilikuwa kweli, au kilikuwa uongo?"

Mnaona nilivyobanwa? Nikisema kweli, nyumba inakwenda, na kibanda cha Merle na madirisha yake. Nikisema uongo, nimewaambia dada zangu wote kwamba nilisimama kwenye Karamu ya Upendo, miguu imelowa, nikadanganya. Nikamtazama Bi Coyle, anatazama karatasi. Nikamtazama Ndugu Harley, amefumba macho, anaomba, na sikujua anaomba nini. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mbona aliyeiba haulizwi swali gumu namna hii? Mbona aliyeibiwa ndiye anayetolewa jasho?

"Uongo," nikasema.

Nikasikia Dada Orpha akisema "Ee Vella" kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo unadanganya ibadani," yule kijana akasema kwa upole. "Na leo?"

"Leo nimethibitisha. Siku ile nilikuwa najaribu kuwa mtu mwema. Ni kazi mbili tofauti, kijana wangu."

Jaji akainamisha kichwa, nadhani alificha tabasamu. Mimi sikuwa na tabasamu hata la kukopesha. Nilishuka nikarudi kwenye kiti changu.

Nedra akapanda. Naye akakataa kuapa, akathibitisha. Wakili wake akamwongoza kama mtu anayemvusha bibi barabara. Kwa nini alichapisha? Duka lilikuwa linakufa. Alimchukia Bi Garber? Hata kidogo. Alitaka nini? Kuokoa duka tu. Kila jibu lilikuwa safi, limepigwa pasi. Nilijua tumekwisha. Nedra akaniangalia mara moja, akaangalia mikono yake iliyobabuka kwa maji ya kiwandani.

Bi Coyle akasimama. Hakuwa na mengi.

"Bi Flory, ulipokata jina lake pembeni ya picha, ulijua ataumia?"

"Nilitaka kuokoa duka."

"Nimesikia. Ulijua ataumia?"

Wakili wake akainuka kupinga, jaji akamwambia aketi. Nedra akaikusanya mikono yake mapajani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilikuwapo alipoishona. Nilimpelekea supu majira yale ya baridi. Nilijua alivyomlilia mumewe kwenye kila ndege." Akamgeukia jaji, akaendelea. "Nilipokata jina mkono ulisita. Nikajiambia Vella ataumia sana, atafoka, atalia, halafu atanisamehe. Sisi ndivyo tulivyo, lazima tusamehe. Kwa hiyo nikakata. Nilitegemea hilo."

Yule kijana alifunika uso kwa kiganja. Mimi nilihisi kama nimemwagiwa maji. Miaka yote nilidhani aliniibia mchoro, kumbe alianza kuchukua msamaha kabla sijautoa, akauingiza kwenye mahesabu ya duka.

Hukumu ilikuja baada ya majuma machache. Jaji aliandika kwamba mtu anayejua kwa hakika atamuumiza mwenzake, na akatenda akitegemea kusamehewa, amekusudia maumivu hayo pamoja na faida yake. Madeni mengine ya Nedra yote yalifutwa, ya kitambaa, ya umeme, ya kadi. La kwangu likabaki. Atadaiwa mpaka alimalize.

Nilikutana naye kwenye ngazi za mahakama siku tuliyokwenda kuchukua nakala. Nilikuwa nimejiandalia maneno, makali, tangu kwa daktari wa meno nilikuwa nayaweka akiba. Yeye akawahi.

"Kwa hiyo siku ile mezani ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ulijua yote na ukanisamehe hivyo hivyo." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Ndiyo maana nilipofika nyumbani nililia tena."

"Mbona ulisema kweli pale? Ungenyamaza ungefutiwa!"

"Ulishasema kweli ya kwako. Ningebakije na uongo peke yangu?"

Akashuka ngazi akishikilia chuma, goti lile likimsumbua. Maneno yangu makali nikaondoka nayo yote. Salale, mwanamke huyu! Hata ukweli wake unanitia hasira.

Bi Coyle alikuwa ananingoja ofisini na karatasi za kukata sehemu ya mshahara wa Nedra pale kiwandani. Benki imekubali kupokea kidogo kidogo, nyumba imepona, kibanda kimepona. Nikamuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, kama siku moja nitachoka na jambo hili, inawezekana kulimaliza.

"Wakati wowote, mama. Unaandika mstari mmoja kwamba umeridhika, unatia saini, deni linakufa. Hakuna atakayekuuliza sababu."

"Yaani mahakama imekataa kumfutia."

"Imekataa."

"Na sasa wa kumfutia ni mimi."

"Ni wewe peke yako."

Nilidhani nikishinda, jaji ndiye atakayembebea Nedra jibu la hapana, mimi niende zangu nikashone. Kumbe wamenirudishia mwenyewe. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, kinakuja kipande cha mshahara wake, kimekatwa kwenye saa alizosimama kwenye maji baridi, na kila kinapokuja najua ningeweza kuandika ule mstari. Siandiki. Nachukua, naipelekea benki, narudi kibandani, nawasha taa. Namkatalia Nedra upya kila Ijumaa ya malipo, kwa mkono wangu, na nimechoka.